Asiye na koti asipande mlima

Nina ombi moja kwa wote wanaoandaa mbio za milimani katika mikoa yetu ya baridi: kuanzia msimu ujao, mkimbiaji asiye na koti la kuzuia mvua na upepo asiruhusiwe kuanza. Isiwe "inashauriwa" au "ni vyema". Akaguliwe mstarini kama inavyokaguliwa namba yake ya kifuani. Kama hana koti, aazimwe. Kama hakuna la kumwazima, abaki chini ashangilie wenzake.

Mimi si mwanariadha wa kulipwa. Nauza pembejeo za kilimo mjini Njombe na nakimbia na klabu yenye walimu, wauguzi, fundi wa kuchomelea na dereva wa lori la mbao. Kuanzia Juni hadi Agosti tunafungua milango alfajiri ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya chai na kipimajoto kikiwa chini ya nyuzi 10. Ukipanda hadi uwanda wa Kitulo, ulioko kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna asubuhi unakuta majani meupe kwa sakitu na unasikia yakivunjika chini ya raba. Wageni kutoka pwani wakiambiwa haya huuliza kama kweli hiyo ni Tanzania. Ni Tanzania, na ndiko mbio za milimani zinakoanza kupata watu.

Nitaeleza wiki yetu moja ya Julai, iliyoishia kwenye mbio za Jumamosi upande wa Makete, ili msomaji aone kwa nini naling'ang'ania koti.

Jumatatu ilikuwa ya mwendo wa pole, kulegeza miguu tu. Jumanne ndiyo siku ya kilima, na kilima ndicho kinachofundisha kuvaa. Mtu asiyeizoea baridi yetu hutoka nyumbani amejifunika masweta mawili. Akifika katikati ya mwinuko ameloa jasho, na akisimama kuvuta pumzi jasho lile linampoa mgongoni na kumtetemesha kuliko kama angetoka na fulana moja. Sisi tunatoka tukiwa tunasikia baridi kidogo, kwa kuwa baada ya dakika kumi mwili utajipasha wenyewe. Ndani tunavaa fulana ya poliesta au sweta jepesi la sufu. Pamba tunaiacha nyumbani, kwa sababu hunywa maji na haikauki. Mikononi glavu, kichwani kofia ya sufu, na kiunoni koti jepesi limefungwa, likisubiri kileleni ambako upepo hauna kizuizi.

Koti langu nililitoa kwenye mitumba, chini ya rundo la masweta ya watoto. Fundi alinibadilishia zipu. Lina kofia inayokazwa kwa kamba na mikono inayobana viganjani. Kulichagua hakuhitaji utaalamu: weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili, lirudishe kwenye rundo. Halafu angalia mishono ya mabegani, maana ndiko maji yanakoanzia kuingia.

Jumatano tulipumzika. Alhamisi tulikimbia kwenye manyunyu kwa makusudi, kwenye njia za msitu wa misonobari ambako udongo mwekundu unateleza na mizizi imejificha chini ya majani makavu. Hapo ndipo unagundua kama raba zako zina meno na kama vidole vilivyokufa ganzi vinaweza kufungua zipu ya mfuko. Ijumaa jioni tulipanga mizigo mezani: koti, kofia, glavu, filimbi, tochi ya kichwani, simu iliyojazwa chaji na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni, karanga na tende, na blanketi la dharura la foili ambalo likikunjwa linaingia mfuko wa shati.

Jumamosi tulifika tukakuta uwanja umejaa. Walikuwepo watu wa Mbeya, Iringa, Songea na kundi kubwa la Dar es Salaam waliosafiri usiku kucha. Mwili wa mtu aliyekesha ndani ya basi unaianza siku ukiwa tayari umechoka, na kila mita 1,000 anazopanda joto hupungua kwa nyuzi kama sita. Wengi walikuwa na kaptula na singlendi. Hakuna aliyewauliza kitu. Maji yalikuwepo, ndizi zilikuwepo, muziki ulikuwepo, na gari la wagonjwa lilikuwa limeegeshwa penye lami, mbali na sehemu ambayo lingehitajika.

Tulipofika uwandani ukungu ulishuka, ukafuatiwa na manyunyu ya kulazwa na upepo. Nilivaa koti, nikakaza kofia, nikaendelea. Mbele kidogo nikamkuta kijana ameketi kando ya njia, ameinamia kiatu chake. Nikadhani anafunga kamba. Nikamtazama vizuri: alikuwa ameshika ncha mbili za kamba na vidole havikuweza kuzipishanisha. Alijaribu, zikamponyoka, akajaribu tena, huku akitetemeka mwili mzima. Akaniamkia, na "shikamoo mama" yake ikatoka nzito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino. Nilipomuuliza ametoka wapi, alikaa kimya kidogo kabla ya kulikumbuka jina la mji wake.

Dalili hizo mkimbiaji yeyote anapaswa kuzijua: vidole vinakataa, ulimi unakuwa mzito, akili inachelewa, miguu inayumba. Mtu akifika hapo hawezi tena kujiamulia, ni lazima mwenzake amwamulie. Na kutetemeka kukikoma kabla hajapata joto, usifurahi. Hali imekuwa mbaya zaidi.

Muuguzi wa klabu yetu alikuwa nyuma yangu. Tulimvua singlendi iliyoloa, tukamvisha sweta langu la akiba na kofia, tukamzungushia foili na juu yake koti la muuguzi. Kisha tukamtembeza polepole hadi nyumba ya jirani, ambako mama mwenye nyumba alikuwa anachambua viazi. Hakuuliza maswali. Alituingiza jikoni, akasogeza gogo motoni, akaweka chai yenye sukari nyingi. Mzee mmoja alileta kikombe cha ulanzi kwa nia njema. Tulimshukuru na kukiweka pembeni, kwa sababu pombe hupanua mishipa ya damu karibu na ngozi na kulitoa nje joto kidogo lililobaki. Hatukumsugua mikono wala miguu, tulimwacha apate joto taratibu. Ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kushika kikombe mwenyewe. Alipona. Lakini aliponea jikoni kwa mama ambaye hakuwemo kwenye mpango wowote wa mbio zile.

Wapo watakaosema nakuza mambo, kwamba baridi ya kuua iko Ulaya kwenye theluji. Mwili haufanyi kazi hivyo. Unapokimbia, karibu robo tu ya nishati inayotumiwa na misuli inageuka kuwa mwendo, sehemu kubwa inayobaki ni joto. Ndiyo maana mwenye kasi anaweza kupita kwenye baridi kali na kaptula asijali. Hatari inaanza anapopunguza mwendo: kifundo kimeteguka, nguvu zimeisha, kilima kimekuwa kirefu kuliko alivyodhani. Joto la ndani linapungua wakati nguo zimeloa, na maji huliondoa joto mwilini haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa kavu. Joto la mwili likishuka kutoka nyuzi 37 hadi chini ya 35, mtu ameingia kwenye hatari ya kweli. Theluji haihitajiki. Nyuzi nane, manyunyu na upepo vinatosha.

Anayetaka ushahidi aangalie China. Tarehe 22 Mei 2021, mkoani Gansu, wakimbiaji 172 walianza mbio za milimani za kilomita 100. Ulikuwa mwezi Mei, na wengi walivaa kaptula na fulana. Mchana, wakiwa kwenye mwinuko mkali ambako gari haliwezi kufika, hali ya hewa iligeuka ghafla ikaleta mvua ya barafu na upepo mkali. Watu 21 walikufa. Miongoni mwao alikuwemo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora wa masafa marefu nchini mwake, kwa hiyo asije mtu akasema waliokufa hawakuwa na mazoezi. Koti la kuzuia upepo halikuwa sharti kwenye mbio zile. Na sita miongoni mwa walionusurika waliokolewa na mchungaji wa kondoo, Zhu Keming, aliyekuwa amejikinga pangoni na akawaingiza humo kwenye moto. Nikisoma habari ile namwona yule mama wa viazi. Mlima wenye mbio usitegemee bahati ya kukutana na mtu mwema.

Wenzetu waliotangulia kwenye mchezo huu hawabahatishi. Mbio za kuzunguka Mont Blanc, zinazopita Ufaransa, Italia na Uswisi kwa kilomita zaidi ya 170, humtaka kila mkimbiaji abebe koti la mvua lenye kofia, blanketi la dharura, filimbi, taa na simu, na anayekutwa hana anaadhibiwa hata kama anaongoza. Nchini Uingereza, kwenye mbio ndogo za vijijini, mkimbiaji anaweza kutakiwa kuonyesha koti, suruali ya mvua, kofia, glavu, ramani, dira na filimbi kabla ya kuanza, na wanaoondoka huhesabiwa na wanaorudi pia.

Najua pingamizi la kwanza: watu hawana fedha. Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko hapahapa nchini. Wagumu wanaobeba mizigo ya watalii Kilimanjaro wamewahi kufa kwa baridi kwa kukosa nguo za kutosha. Mradi wa kuwasaidia wapagazi, ulioanzishwa Moshi mwaka 2003, ulianza kuwaazima makoti, viatu na glavu bila malipo: mtu anachukua, anapanda, anashuka, anarudisha. Kama inawezekana kwa wagumu, inawezekana kwa wakimbiaji wa siku moja. Waandaaji wanapompa kila mshiriki fulana yenye nembo za wafadhili, sehemu ya fedha hiyo inaweza kununua marobota ya makoti ya mitumba yakae kwenye stoo ya wilaya mwaka hadi mwaka. Fulana tunazo za kutosha.

Pingamizi la pili ni kwamba wazee wetu walipanda milima hii peku na hawakufa. Wazee wetu walijifunika mablanketi, walitembea kwa mwendo wa kujua wanarudi lini, na wingu likishuka walijua nyumba ipi ina moto. Hawakutoka Dar es Salaam usiku wakapanda mlima asubuhi kwa kushindana na saa. Tukitaka kuwafuata, tuanze na mablanketi yao.

Nautetea mchezo huu kwa sababu naupenda. Ni mchezo wetu kwa haki kabisa: Patrick Kipngeno wa Kenya alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima mwaka 2022 nchini Thailand, akarudia mwaka 2023 nchini Austria. Vijana wa Makete, Rungwe, Lushoto na Mbulu wanaishi juu ya njia ambazo wengine duniani wangelipa kuzifikia. Mgeni anayekuja kukimbia kwetu analala kwetu, anakula viazi vyetu na anarudi na wenzake. Siku tutakapomshusha mmoja wao akiwa maiti, hayo yote yatasimama, na itakuwa haki yasimame.

Kwa hiyo nasema na maofisa michezo wa wilaya, Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa, pamoja na yeyote anayeweka mkono wake kwenye kibali cha mbio za milimani. Ulizeni mambo manne kabla ya kupiga muhuri. Je, koti la mvua na upepo ni sharti, na nani atalikagua? Je, wakimbiaji watahesabiwa wakiondoka, wakipita kituo cha juu na wakirudi, na anayejitoa atatoa taarifa kwa nani? Je, kituo cha juu kina hema, mablanketi na chai ya moto, bila jiko la mkaa ndani ya hema lililofungwa, maana hewa yake ya sumu huua kimyakimya? Je, yupo mtu mwenye mamlaka ya kufupisha au kusimamisha mbio ukungu ukishuka, na atawasiliana vipi na walio juu?

Hakuna swali hapo linalohitaji bajeti ya serikali. Klabu yetu imeshaanza kukusanya makoti, na tutayapeleka kwenye mbio yoyote ya mkoa huu itakayokubali kukagua. Waandaaji, tupeni meza moja karibu na mstari wa kuanzia. Atakayekuja bila koti tutamwazima. Atakayekataa kulivaa au kulibeba, mrudishieni kiingilio chake asianze.