Ampia 40 Zipi? Acheni Kuwauzia Wafugaji Namba

Ndugu wafugaji na wafanyabiashara, leo chanjo tuiweke pembeni. Nina neno na wauza vifaa vya umeme, na mafundi wetu wamo.

Kuna hizi swichi za elektroniki, vile vidude vya kukaa kiganjani vinavyopokea amri ya themostati na kuwasha hita kimyakimya. Usoni vimeandikwa 25A, 40A, hata 60A. Mteja akifika dukani anaambiwa, "Chukua ya 40, hii inabeba nyumba nzima." Si kweli.

Majuzi niliitwa kwa mama mmoja aliyekuwa na vifaranga 150 wa wiki moja. Hita yake ni ya wati 2,000. Gawa kwa volti 230, unapata ampia 8.7. Mbele ya 40 utadhani nafasi imebaki tele. Fundi aliikaza swichi kwenye ubao kwa skrubu mbili, akachukua hela yake. Alfajiri chumba kilikuwa tanuri. Themostati ilikuwa imeshatoa amri ya kuzima, hita inaendelea kuwaka. Walipona vifaranga 11.

Swichi hii ikipitisha umeme hupoteza ndani yake kama volti 1 hadi 1.5. Kwa ampia 8.7 hizo ni wati 9 hadi 13 za joto, saa zote hita inapowaka. Ile 40 ya usoni inahesabiwa swichi ikiwa imefungwa kwenye bamba kubwa la alumini lenye mapezi, limepakwa grisi ya kupitisha joto, mahali penye hewa. Bila bamba, mimi siipi zaidi ya ampia 3 au 4. Ubao wa mbao ni sawa na kuifunika blanketi! Na hapo nazungumzia swichi halisi. Bandia zimejaa, ndani zina kipande kidogo kuliko namba inayotajwa.

Ubaya zaidi, zikiungua mara nyingi hufa zikiwa zimewasha. Breka nayo haikuokoi, maana hita inakula ampia zilezile za kila siku. Fundi akikuambia "ikiharibika itazima yenyewe", tafuta mwingine.

Wauzaji wanajitetea kwamba wateja hawataki gharama ya bamba. Sikubali. Mteja hakatai kitu ambacho hajawahi kuambiwa. Yule mama angelipa bila kinyongo.

Kwa hita, chukua swichi ya angalau mara mbili ya ampia zako, pamoja na bamba lake. Weka na themostati ya pili, ya kawaida, inayokata umeme kupitia kontakta joto likizidi digrii chache juu ya lile unalotaka. Friji na pampu ni habari nyingine: mota ikianza kuzunguka huvuta mara 5 hadi 7 ya ampia zake za kawaida, kwa hiyo huko tumia kontakta ya saizi yake, achana na vidude hivi. Tena swichi hii hata ikizima huvujisha umeme kidogo. Usiguse waya kabla ya kushusha breka.

Ukishafunga, washa hita nusu saa, shusha breka, kisha shika bamba. Ukishindwa kulishika kwa sekunde tano, ni dogo. Lirudishe dukani.