Kibuyu cha Gicaandi na Mtihani wa Mwanafunzi

Mitihani inapokaribia, si ajabu kumwona mwanafunzi wa chuo mjini Nyeri au Karatina akitembea huku na huko, daftari mkononi, midomo ikimchezacheza. Anakariri. Akikatizwa katikati ya orodha hana budi kuanza upya, kwa kuwa maneno yake yameshikana kwa sauti tu, wala hayana pahali pa kukaa.

Wapo wanaompendekezea mbinu ya jumba la kumbukumbu. Katika mbinu hii mtu huchagua nyumba au njia aijuayo vyema, akaweka katika kila kituo picha ya jambo atakalo kulikumbuka, kisha akaipita njia hiyo akilini. Cicero alimnasibisha nayo Simonides, mshairi wa Kiyunani ambaye inasimuliwa kwamba aliwatambua wageni waliofukiwa na paa la ukumbi kwa kukumbuka alipoketi kila mmoja. Wala si hekaya tupu. Katika utafiti wa Martin Dresler na wenzake uliochapishwa mwaka 2017, watu wa kawaida waliozoezwa kwa muda wa wiki sita walipanda kutoka wastani wa maneno kama 26 hadi kama 62, kati ya 72.

Linalosikitisha ni kuona mbinu hii ikipokewa kama ngeni kabisa katika nchi ya gicaandi. Manju wa Agikuyu alishika kibuyu kilichochorwa alama, na kila alama ilimkumbusha sehemu ya utungo mrefu wa mafumbo. Vittorio Merlo Pick, mmisionari wa Consolata, aliuhifadhi utungo huo katika kitabu chake cha mwaka 1973; naye Kimani Njogu, mtaalamu wa Kiswahili, ameuchambua kama ushairi wa majibizano. Hapo ndipo penye uzito. Manju hakuisoma alama ili aitaje. Aliisoma ili amjibu mwenziwe, mbele ya hadhira iliyoweza kumcheka.

Mwanafunzi wa ushairi anaweza kuigeuza barabara ya Nanyuki iwe kibuyu chake. Katika mabwawa ya Sagana aweke samaki wawili: tathnia. Sokoni Karatina, chungu juu ya mafiga matatu: tathlitha. Kiganjo, kwenye chuo cha polisi, makurutu wakipiga gwaride wanne wanne: tarbia. Naro Moru, mkono wenye vidole vitano ukiuelekea mlima: takhmisa. Picha zikiwa za kuchekesha ndivyo bora, maana akili huisahau upesi picha isiyo na mzaha wala kioja. (Abiria wa matatu aliyezoea njia hiyo amekwisha kujengewa jumba bila ya kulipa kodi.)

Hata hivyo, samaki wawili wa Sagana hawatamweleza kwa nini mshairi alichagua tathnia wala umbo hilo linaifanyia nini maudhui yake. Mbinu hii hushika mpangilio, majina na idadi. Hoja haishikiki hivyo. Anayeijaza vituo vya fasili asizozielewa atatoka na fasili zile zile, safi na bubu. Lawama, kwa insafu, si yake peke yake. Mtihani ambao kila swali lake huanza kwa neno "taja" huzaa akili ya kutaja, na wahadhiri wanaoutunga hawana haki ya kushangaa wanaposahihisha majibu yanayofanana kama mbegu za kibuyu kimoja.

Yafaa basi vyama vya wanafunzi viirudishe gicaandi katika vikundi vya kudurusu. Wawili wakae bila daftari. Mmoja ataje kituo, mwenziwe aitoe picha iliyomo na maana yake. Kisha wa kwanza ampinge, adai mfano kutoka diwani wanayoisoma, adai sababu. Anayeshindwa kujibu afungue kitabu papo hapo, na zamu igeuke.