Milioni 200 kwa Choo Kimoja, na Hakuna Aliyeiba

Oktoba 2022, Matt Haney, mbunge katika bunge la jimbo la California, alikuwa amejipanga kuwaita wanahabari kwenye uwanja wa Noe Valley jijini San Francisco ili apongezwe. Alikuwa amewatafutia wakazi pesa za kujengewa choo: dola milioni 1.7. Choo kimoja, ndugu msomaji, wala si msururu wa vyoo. Kijumba kisichofika mita 14 za mraba, katika uwanja ambao mabomba ya kukihudumia yalikuwa yamelazwa tayari tangu ulipofunguliwa mwaka 2016. Kwa shilingi za Kenya za wakati ule, hizo ni zaidi ya milioni 200. Na kingekamilika 2025.

Heather Knight, aliyekuwa mwandishi wa San Francisco Chronicle, aliuliza lile ambalo idara nzima za jiji hazikuwa zimeuliza: kwa nini? Sherehe ikafutwa. Ofisi ya Gavana Gavin Newsom ikazuia pesa hadi jiji lije na mpango wa bei ya kueleweka.

Sisi huku Kenya tukisikia habari ya namna hii tuna jibu moja tu: wamekula. Tuna sababu. Mwaka 2015 Kaunti ya Bungoma ilinunua toroli kumi kwa shilingi 1,093,200, yaani shilingi 109,320 kwa kila toroli, na nchi nzima ikaanza kumtafuta mwizi. Lakini kisa cha San Francisco kinanitisha kuliko toroli za Bungoma, kwa sababu huko hapakuhitajika mwizi. Kila dola ilikuwa na mahali pake kwenye karatasi. Wasanifu walipwe. Wasimamizi wa mradi walipwe. Wakazi watoe maoni. Kamati ya tume ya sanaa ikague sura ya jengo (naam, sura ya choo). Tume ya bustani ipitishe, athari kwa mazingira zipimwe, ndipo zabuni itangazwe. Kila ofisi ilikuwa na mamlaka ya kuchelewesha kazi, na hakuna hata moja iliyobebeshwa jukumu la kutazama jumla na kusema hii ni aibu.

Kilichofuata ni kichekesho. Chad Kaufman, ambaye kampuni yake ya Nevada huunda vyoo vya umma kiwandani na kuvisafirisha vikiwa tayari, alisema atawapa kimoja bure. Hata cha bure kiliwatoa jasho! Jiji lilikuwa limejipiga marufuku kufanya biashara na kampuni za majimbo 30 ambayo sheria zake halikuzipenda, na Nevada ilikuwa mojawapo. Choo kilifunguliwa Aprili 2024, na gharama iliyobaki mikononi mwa jiji ikazunguka dola 200,000.

Asije mtu akaniambia kwamba dawa basi ni kununua majengo ya kiwandani. New York ilijaribu. Ilinunua vyoo vitano vya chuma aina ya Portland Loo, kila kimoja kwa takriban dola 185,000, na hadi vinasimama kwenye bustani hesabu ilikuwa imefika karibu dola milioni moja kwa kila choo. Ukibadilisha jengo bila kugusa utaratibu, pesa zitapita palepale zilipokuwa zikipita.

Ubovu uko mwanzoni kabisa, kwenye tarakimu ya kwanza. Haney mwenyewe alieleza: idara ilimtajia milioni 1.7, naye akaenda kuleta milioni 1.7. Hakuna fundi aliyeulizwa. Hakuna aliyepiga simu mji wa jirani kuuliza wao walijenga kwa ngapi. Tarakimu ilizaliwa ofisini, ikaingia kwenye bajeti, na tangu hapo ikawa ndiyo bei.

Hapo ndipo tunapofanana, na ndiyo maana nawasumbua kwa habari za choo cha Wamarekani. Tuseme kaunti yako inataka kubomoa ukumbi chakavu wa bustani na kujenga mwingine. Kwenye makadirio unakuta mstari mmoja: kubomoa na kujenga upya, milioni 40. Nani alipima? Mchoro uko wapi? Mstari ule unasomwa na kila mtu, na wa kwanza kuusoma ni mwanakandarasi. Akishajua zimetengwa milioni 40, kwa nini alete zabuni ya 22? Atakuja na 39.6, nasi tutamsifu kwa kutuokolea laki nne.

Na kwa nini ubomolewe hata kabla ya kuangaliwa kama unarekebishika? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zielekeze angalau asilimia 30 ya bajeti kwenye maendeleo. Nia njema kabisa. Lakini kuziba paa linalovuja, kupaka rangi na kumlipa mlinzi huhesabiwa kuwa matumizi ya kawaida, ilhali jengo jipya ni maendeleo, lina jiwe la msingi na lina utepe wa gavana kukata. Kwa hiyo paa linaachwa livuje miaka kumi, kisha tunaambiwa jengo limechakaa mno, livunjwe.

Kandarasi ikishatiwa saini, mchezo unahamia kwenye nyongeza. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inakataza kupandisha bei ndani ya miezi 12 ya kwanza, na inasema mabadiliko yote kwa jumla yasizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Ukomo huo, mikononi mwa watu wasio na haya, umegeuka kuwa stahili. Anayechora kazi nusunusu anajua ile nusu nyingine italipwa kwa jina la nyongeza.

Watetezi wa utaratibu watanijibu kwamba hatua zote hizo zipo ili kuzuia wizi. Baadhi yake nitazipigania hata mimi. Mwaka 1989, serikali ya KANU ilipotaka kupandisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, hakuna kamati iliyotuokoa. Profesa Wangari Maathai alisimama akapaza sauti, akatukanwa, na bustani ikabaki. Wananchi lazima waulizwe kama kitu kijengwe, na kijengwe wapi. Ila ushirikishaji wa siku hizi ni wa kuonyeshwa picha ya rangi na jumla iliyoandikwa chini yake, kisha soda. BQ, ile orodha ya kila mfuko wa saruji na kila siku ya kibarua, hatuonyeshwi kamwe.

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Gharama nafuu imetajwa mwisho, na maafisa wetu wanasoma kama watu wanaoishiwa na pumzi kabla ya kulifikia neno hilo.

Basi kaunti itakapokuita kutoa maoni kuhusu jengo la bustani ya mtaa wako, usiondoke na soda tu. Dai BQ. Dai kujua jengo kama hilo liligharimu ngapi katika kaunti ya jirani. Halafu mwombe mwakilishi wa wadi akutajie, kwa jina, afisa mmoja atakayejibu kuhusu jumla yote siku ya mwisho, kuanzia mchoro hadi ufunguo. Jina hilo likikosekana, mstari huo ufutwe kwenye bajeti.