Acheni kokwa ndani ya cheri!

Najua nimepotea wiki tatu nzima bila kuandika kitu, na kuna waliokwisha kunitumia meseji kuuliza kama nimekamatwa. Sijakamatwa. Mimi ndiye niliyekamata... sapu. Takwimu, lile lile somo ambalo mwezi wa tatu niliwaambia hapa kwamba "nimelielewa sasa". Basi mwezi huu wa sita wenzangu wamefunga mabegi wakaenda makwao, na sisi wa mitihani ya marudio tumebaki hapa Limoges, watu saba kwenye korido ya vyumba ishirini, tunatazamana.

Lakini leo sitaki kuongelea takwimu. Nina hoja moja tu, nayo ni ya chakula, na ninajua kuna watakaonibishia: ukipika klafuti, usitoe kokwa za cheri. Basi. Wenye haraka wanaweza kuishia hapa, wengine vuteni kiti.

Kwanza klafuti ni nini. Wenyewe wanaandika clafoutis, hiyo s ya mwisho ni pambo tu, haitamkwi. Ni chakula cha huku huku Limousin, katikati ya Ufaransa, chakula cha watu wa mashambani wenye mayai yao, maziwa yao na mti wao wa cheri. Jina lenyewe si la Kifaransa cha Paris, limetoka kwenye Kioksitani, lugha ya zamani ya upande huu, katika neno lenye maana ya kujaza au kushindilia. Ukitaka kukielewa ukiwa Mlimani au Mzumbe, fikiria rojo la chapati za maji. Liongezee mayai na maziwa mpaka likaribie kuwa kastadi, limwage juu ya cheri nyeusi zilizojazana kwenye bakuli, halafu tia kwenye oveni. Kinachotoka si keki, si kastadi, si chapati. Kiko katikati ya hao watatu, na kinaliwa kikiwa vuguvugu.

Watu wa huku wanakila hata baada ya chakula cha mchana, lakini sisi tulikitaka Jumapili asubuhi, kwa ile kitu wanaita branchi, yaani umechelewa kuamka ukaamua kuunganisha chai na chakula cha mchana. Msiwashangae sana, sisi nasi tuna chai ya saa nne. Hii ni chai ya saa nne iliyochelewa mpaka saa tano na nusu.

Sasa cheri zilipatikanaje, maana dukani bei yake inamtaka mtu mwenye mshahara? Nyuma ya hosteli yetu anaishi bibi mmoja, mti wake umeinamia ukuta na cheri zinaangukia upande wa njia yetu. Sisi tulikuwa tunaokota. Ijumaa akafungua geti dogo akatuita. Mimi nikajua kimenuka, nikaanza kutunga samahani yangu kwa Kifaransa kichwani. Kumbe ametoka na ndoo. Akasema zilizoanguka ni za ndege, njooni mchume zenu juu, mimi ngazi siiwezi tena. Tukachuma ndoo mbili, moja yake na moja yetu.

Jumamosi nikafanya jaribio la kwanza. Na hapa ndipo ugomvi ulipoanza, kwa sababu jikoni kulikuwa na kambi. Kuna binti wa Paris pale koridoni, yeye alisema kokwa zitolewe, mwaka jana mjomba wake alivunjika jino na Krismasi ikaishia kwa daktari. (Krismasi hakuna cheri mbichi, lakini sikutaka kumharibia stori.) Na kuna ndugu yetu wa Bukavu, yule ninayeongea naye Kiswahili kila siku, kila mtu na chake. Yeye hoja yake ilikuwa nzito zaidi. Alisema mgeni haandaliwi chakula chenye mtego. Ukimkaribisha mtu mezani kwako, kazi ngumu unaimaliza wewe jikoni, yeye anakuja kula tu. Nikaona ana busara. Nikakaa saa nzima natoboa cheri moja moja kwa mrija wa soda, kokwa zinaruka mpaka ukutani, fulana yangu nyeupe mpaka leo ina madoa kama nimechinja kuku.

Matokeo? Aibu. Cheri zilizotobolewa zilimwaga maji yote ndani ya rojo. Kikatoka kitu cha zambarau, kimelowa chini, juu kigumu, maana kwa woga niliongeza unga ili kikaze. Mshikaji wa Bukavu alikitazama muda mrefu, halafu akauliza kwa upole kabisa: "Mukubwa, hii njo keki ao njo mayai?"

Hata hivyo, kwa adabu ya kwetu, ndoo ya mtu hairudi tupu. Nikampelekea bibi kipande. Akaonja kijiko kimoja, akakiweka chini. Hakusema kibaya wala kizuri, aliniuliza tu: kokwa ziko wapi? Nikamweleza habari za wageni na heshima na meno. Akacheka. Akasema kokwa ndiyo manukato yake, na tunda likiwa zima linabaki na juisi yake ndani mpaka litakapofika mdomoni. Halafu akaingia ndani akatoka na bakuli la kuokea, la kaure, jeupe, pana, lenye ukingo uliochongekachongeka. Limoges ni mji wa kaure, tangu karne ya 18 ulipogunduliwa udongo wake mweupe huko Saint-Yrieix, kusini ya hapa, na hata nyumba ya kawaida inaweza kuwa na chombo ambacho kwetu kingefungiwa kabatini kisubiri harusi. Akasema rudia kesho, na bakuli nitalitaka. Niliteremka ngazi zake nikiwa nimelikumbatia kama mtoto mchanga.

Usiku ule, badala ya takwimu, nikasoma habari za kokwa. Msinicheke. Ndani ya kokwa ya cheri kuna kitu kinaitwa amigdalini. Kikivunjika kinatoa benzaldehidi, na hiyo ndiyo harufu ya lozi mnayoijua kwenye biskuti. Wapo wanaosema kokwa nzima inatoa harufu kidogo mno, ni hadithi za mabibi tu. Mimi naandika kilichopita puani mwangu: jaribio la kwanza lilinukia mayai na sukari, la pili likanukia lozi. Ila sikilizeni, hiyo amigdalini hiyo hiyo, ukiiponda kokwa au kuitafuna, inatoa sianidi, na hiyo ni sumu. Kwa hiyo kokwa zinaokwa nzima na zinatemwa nzima. Mtu asije akazisaga kwenye blenda akasema nilimwambia mimi.

Haya, vipimo kwa wanaovitaka. Cheri nusu kilo, oshwa, toa vikonyo, acha zilivyo. Mayai 3 na sukari gramu 100, piga mpaka vichanganyike. Unga wa ngano gramu 80 (Jumamosi mimi niliweka karibu mara mbili yake), tia kidogo kidogo usifanye mabonge, na chembe ya chumvi. Maziwa mililita 300, ya uvuguvugu. Rojo liwe jepesi kuliko unavyodhani ni sawa, hapo ndipo watu wengi wanaogopa. Liache lipumzike nusu saa, wewe paka bakuli siagi na upange cheri zikae bega kwa bega. Mwaga, tia oveni ya nyuzi 180, dakika 40 hivi. Usifungue fungue mlango. Kitavimba kama kina majivuno, pembeni kitapata rangi ya kahawia na katikati kitatikisika kidogo ukigusa bakuli. Toa hapo hapo, maana mayai yakipitiliza moto yanakuwa magumu na kuachia maji. Kikishatoka kitanywea. Mimi nusura nilie, kumbe ndivyo kilivyo. Nyunyiza sukari juu, subiri kipoe kidogo.

Sasa turudi kwenye hoja ya ndugu yangu wa Bukavu, maana ya binti wa Paris naweza kuimaliza haraka: waambie watu kabla hawajaanza kula kwamba kuna kokwa. Ukinyamaza, jino likivunjika ni juu yako. Na watoto wadogo wapikie zao zilizotolewa kokwa, hilo sibishani na mtu.

Lakini hii ya heshima ya mgeni... Nimeifikiria sana. Sisi watu wa pwani tunampa mgeni changu wa kupaka, mzima, na miba yake, na kichwa chake. Hakuna aliyewahi kusema mwenye nyumba hakumheshimu. Mgeni anachambua, anaongea, anachambua. Yule anayempa mgeni kipande kisicho na mwiba kutoka kwenye pakiti ndiye tunayemsema njiani. Kwa nini basi mwiba wa samaki uwe ukarimu, na kokwa ya cheri iwe mtego? Nilimuuliza hivyo, akasema kwao wanakula sambaza na mifupa yake yote, hawachambui kitu. Nikashindwa kujibu. Lakini Jumapili ikanijibia.

Tulikaa saba, saa tano na nusu, madirisha wazi. Kila mtu na kisahani cha kutemea. Jamani, huwezi kubugia klafuti yenye kokwa. Haiwezekani. Kila kijiko unakisikiliza. Unatema, unaongea, unangoja. Chakula ambacho Jumamosi tulikimaliza kwa dakika saba tukiwa tumesimama, Jumapili kilituweka chini karibu saa mbili. Dada mmoja wa Moroni alianza kuhesabu kokwa zake kwa Kikomoro, mimi na wa Bukavu tukawa tunaelewa karibu namba zote, wengine wakadhani tumesoma lugha hiyo kwa siri.

Na kwenye kipande cha pili, huku akipanga kokwa zake ukingoni mwa kisahani, huyu ndugu yetu akaanza kusema. Hii ni sapu yake ya somo lile lile kwa mwaka wa pili. Huku kibali cha kukaa cha mwanafunzi unakihuisha kwa kuonyesha kwamba masomo yanakwenda kweli. Ukirudia mwaka mara moja wanaweza kukuelewa, ukirudia tena unaanza kuulizwa maswali. Kwao walichangishana ukoo mzima kumleta hapa. Alikuwa hajamwambia mtu. Tumeishi naye korido moja tangu mwezi wa tisa, tumekula naye tambi jikoni si chini ya mara hamsini, kila mtu na sahani yake na simu yake, dakika kumi tumekwisha. Nasema ukweli, mimi sikujua. Nilijua anapenda utani tu.

Hakuna aliyemhubiria. Binti wa Paris, ambaye somo hilo alilifaulu vizuri (amebaki kwa lingine), akamuuliza mtihani ni lini. Alhamisi. Akasema basi leo saa tisa lete madaftari hapa hapa mezani. Na mimi na takwimu zangu nikajipachika humo humo. Tumefanya hivyo siku nne mfululizo, ndiyo sababu nyingine ya kimya changu.

Mwingine ataniambia hata ningetoa kokwa angesema tu. Labda. Mimi nilikuwepo mezani siku zote mbili.

Kwa mlio nyumbani, najua swali lenu: cheri hatuna, tutumie embe? Pikeni, itakuwa tamu, lakini msiite klafuti. Bibi alinirekebisha kwa ukali kidogo: ikiwa na tunda lingine inaitwa flaugnarde. Kweli tunawacheka wazungu wanaotia unga wa kari kwenye wali wakauita pilau, basi na sisi tuwape watu jina lao. Kama mnataka kitu chenye tabia ile ile, mimi ningejaribu zambarau msimu wake ukifika, kweusi, kachukuchachu, kokwa ndani. Au plamu za Lushoto. Oveni kama hakuna, sufuria yenye makaa juu na chini, kama mnavyopalia mkate wa sinia, moto wa juu uwe mdogo. Na muifanyie mtaani kwa shangazi, najua hosteli nyingi haziruhusu jiko.

Matokeo ya sapu bado. Ya kwangu naona mwanga, ya ndugu yetu sitaki kuyatabiri. Bakuli la bibi nimeliosha mara tatu, limefungwa kwenye taulo juu ya kabati, na kesho nalirudisha. Ndani nimemwekea vitumbua, maana nilishasema, chombo cha mtu hakirudi tupu. Tatizo hapa sina chuma cha vitumbua, nimepikia kikaangio, vimetoka bapa kama chapati. Nikimkabidhi sijui nimwambie vinaitwaje.