Nyumba ya Kuuza Tena: Fungua Daftari Kabla ya Kufungua Pochi

Kila chama nilichowahi kukaa kina mtu wa hadithi hii: "Jamaa alinunua nyumba milioni tano, akapaka rangi, akauza sita na nusu. Milioni moja na nusu, hivyo tu!" Sote tunatikisa vichwa. Hakuna anayeuliza jamaa alibaki na ngapi mkononi.

Mimi nilisomea uuzaji na masoko chuoni, kwa hivyo najua vizuri jinsi bei ya kuuzia inavyopendeza kwenye tangazo. Lakini katika biashara ya kununua nyumba, kuirekebisha na kuiuza, naamini anayeshinda si mwenye jicho la kuona nyumba nzuri. Ni mwenye daftari. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Hebu tupige hesabu ya huyo jamaa. Tuseme nyumba iko Nakuru mjini. Ushuru wa stempu kwa mali ya mjini ni asilimia 4, hiyo ni 200,000, na anayelipa ni mnunuzi. Wakili na mthamini, weka 100,000. Vigae, rangi, mabomba na fundi, 600,000. Siku ya kuuza, broka anataka asilimia 3, yaani 195,000, na wakili tena 80,000. Ukitoa hayo yote, ile milioni moja na nusu imebaki 325,000.

Bado KRA. Tangu Januari 2023, ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15, na anayelipa ni muuzaji. Hapo inatoka 48,750. Jamaa anabaki na 276,250. Si pesa mbaya, lakini si ile ya hadithi. Na kama alikopa kwenye Sacco na riba ni 20,000 kwa mwezi, nyumba ikikaa miezi kumi bila mnunuzi, 200,000 nyingine imeenda.

Sasa angalia kitu ambacho wengi hawajui. Gharama za kurekebisha nyumba hutolewa kabla ya ushuru kuhesabiwa, lakini lazima uweze kuzithibitisha. Ukimlipa fundi pesa taslimu mkononi, bila karatasi, zile 600,000 ni kama hukuzitumia. Faida yako machoni pa KRA inakuwa 925,000 na ushuru 138,750. Umepoteza 90,000 kwa sababu ya risiti tu! Ndiyo maana nasema lipa kwa simu au benki, kisha uitishe risiti pia. Meseji inaonyesha pesa ilitoka. Risiti inaonyesha ilinunua nini. Weka zote pamoja, na ukiweza, tenga laini au akaunti moja ya mradi huo ili usichanganye simiti na pesa ya unga.

Lakini daftari haliandiki pesa pekee. Kaka yangu alilijua hilo kwa njia ngumu. Alipata nyumba, bei nzuri, na broka akamwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho na pesa. Akatuma 300,000 "kushika nyumba", na 80,000 kati ya hizo zilikuwa akiba yangu. Wiki mbili baadaye tukagundua mke wa muuzaji hakuwa na habari kabisa. Mauzo yakafa. Pesa ilirudi kwa miezi minane, elfu kumi leo, elfu tano mwezi ujao, na simu nyingi zisizoshikwa.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 iko wazi: mali ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume au mke. Swali moja tu kwa muuzaji, kabla ya kutuma, lingetuokoa. Kwa hivyo ukisikia "kuna mtu anakuja kesho", mwache aje. Nyumba ziko nyingi.

Kabla hujatuma hata shilingi, fanya upekuzi rasmi wa hati, kupitia Ardhisasa au kwenye ofisi ya ardhi kulingana na eneo, uone mwenyewe ni nani na kama kuna mkopo au zuio. Uliza kama ada za ardhi za kaunti zimelipwa. Halafu wakili afuatilie ardhi ilikotoka. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema hati peke yake haitoshi kama ardhi ilitolewa kinyume cha utaratibu tangu mwanzo. Fikiria umeshaweka vigae vipya kwenye nyumba ya aina hiyo. Na amana ipitie kwa wakili, chini ya mkataba uliotiwa sahihi. Si kwa namba ya broka.

Sisemi usijaribu. Nami natamani siku moja nifanye. Lakini kabla ya kwenda kuangalia nyumba, chukua daftari uandike kila gharama niliyotaja hapa, uongeze miezi sita ya kusubiri mnunuzi. Kama bado kuna faida, endelea. Kama haipo kwenye karatasi, rangi mpya haitaileta.