Buibui wa Namanga na Soko la Ng'ambo

Mwalimu mmoja wa sayansi mjini Namanga aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Wanafunzi wake walikuwa wamesikia kwamba kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaofuga buibui majumbani jinsi sisi tufugavyo paka, na kwamba buibui wakubwa wenye manyoya, wa namna ile inayoishi katika mashimo ya nyika zetu, huuzwa huko kwa fedha nyingi. Je, wakimchimbua mmoja chini ya mlima Ol Doinyo Orok na kumtafutia mnunuzi, watakuwa wamekosa nini?

Waliyoyasikia ni kweli. Afrika Mashariki ni mojawapo ya chimbuko la viumbe hawa wanaofugwa ng'ambo. Yuko yule wa rangi ya machungwa, ambaye wataalamu humwita Pterinochilus murinus, na ambaye wafugaji wengi humhusisha na milima ya Usambara. Yuko pia Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, mnene, wa rangi ya kahawia, mkali ajabu. Waingereza huwapa wote wawili jina la nyani, ati kwa kuwa ncha za miguu yao zafanana na vidole vya mnyama huyo! Buibui wengi wa Marekani hujihami kwa kupukusa manyoya yawashayo. Wa kwetu hawana silaha hiyo, basi huuma, na maumivu yake si haba.

Tofauti baina ya hao wawili ndiyo kiini cha jambo. Wa kwanza huzaana kwa urahisi kizuizini, hata mfugaji wa ng'ambo hana haja ya kuja kumtafuta huku. Wa pili hukua polepole mno, huchimba shimo refu ardhini, na kumzalisha sandukuni ni kazi ngumu. Kwa hiyo soko humtegemea yule aliyetolewa porini. Anayetafutwa aghalabu ni jike, maana dume hufa muda mfupi baada ya kukomaa, ilhali jike huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Amchimbuaye jike huyo huondoka na vizazi vyake vyote vya miaka ijayo.

Sheria nayo haina utata. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haiwahusu ndovu na vifaru pekee. Humkumba kila mnyama wa porini, hata mdudu. Wasomaji watakumbuka kwamba mwezi Mei mwaka 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne, wakiwamo vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Vijana hao walikamatwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, waliotiwa katika vichupa vyenye pamba. Kuvuka mpaka kwenda upande wa pili wa Namanga si suluhisho pia, kwani Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaodhani kwamba faini yatosha. Kijana wa Kajiado aliyeona ukame ukiangamiza ng'ombe wa babake ana haki ya kuuliza kwa nini kiumbe cha ardhi yake kiwatajirishe wengine tu. Jibu lenye maana nimeliona Gede, si mahakamani. Tangu mwaka 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakilea vipepeo kwa kibali, chini ya mradi wa Kipepeo, na kuuza mabuu yao yaliyojifunga kwa maonyesho ya ng'ambo. Msitu umebaki, na fedha zimefika vijijini. Sisemi kwamba buibui akuaye kwa miaka mingi atalelewa kwa wepesi wa kipepeo, la hasha. Nasema jaribio hilo lifanywe na wataalamu wetu, kwa vibali, kabla walanguzi hawajayamaliza mashimo.

Nilimwandikia mwalimu yule baada ya wiki moja. Nilimshauri awapeleke wanafunzi wake kulitazama shimo mojawapo usiku, wakiwa na tochi na daftari, na jembe waliache nyumbani.