Ushindi wa Vijana wa Carlisle

Mwaka 1879 serikali ya Marekani ilifungua shule ya bweni katika kambi ya zamani ya jeshi mjini Carlisle, jimbo la Pennsylvania. Waliopelekwa humo walikuwa watoto wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ambao walowezi waliwaita Wahindi. Walikatwa nywele, wakavuliwa mavazi ya kwao, wakapewa majina ya Kizungu na kukatazwa kusema lugha za mama zao. Mwanzilishi wa shule, ofisa wa jeshi Richard Henry Pratt, hakuficha shabaha yake: Uhindi ufe ndani ya mtoto, abaki mtu wa kufanana na wazungu.

Katika shule hiyo ikazaliwa timu ya mpira wa Kimarekani, mchezo wa kushika mpira wenye umbo la yai na kukimbia nao. Katika msimu wa 1911, chini ya mwalimu Glenn Warner, timu ilicheza michezo 12 ikashinda 11.

Tarehe 11 Novemba ilipambana na Harvard, chuo kikongwe kuliko vyote nchini humo. Wenyeji waliwadharau wageni, wakaanza na wachezaji wa akiba. Jim Thorpe, kijana wa kabila la Sac and Fox, aliingia uwanjani mguu ukiwa umefungwa bendeji. Hata hivyo alipiga mpira ukapita kati ya milingoti mara nne, kila mkwaju alama 3. Carlisle ilipata alama 18, Harvard 15. Juma lililofuata vijana hao walifungwa na Syracuse 12 kwa 11, na huo ndio mchezo pekee waliopoteza.

Je, ushindi huo uliwapa nini? Mwaka 1912 Thorpe alitwaa medali mbili za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Stockholm. Mwaka 1913 alinyang'anywa kwa sababu aliwahi kulipwa kwa kucheza besiboli. Alifariki mwaka 1953. Ushindi wake ulitambuliwa kikamilifu mwaka 2022. Sheria ya kuwapa uraia Wahindi wote waliozaliwa Marekani ilipitishwa mwaka 1924 tu. Shule yenyewe ilifungwa mwaka 1918, ikaacha makaburi ya watoto zaidi ya 180. Tangu mwaka 2017 mabaki ya baadhi yao yamerudishwa kwa jamaa zao.

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Watoto wa Carlisle hawakuacha mila, walinyang'anywa. Uwanjani walithibitisha kwamba hawakupungukiwa akili wala nguvu. Walichonyimwa ni haki.

Nawe mzazi, mtoto arudipo kutoka shule, muulize alichojifunza. Kisha mpeleke akazungumze na bibi yake, usikie kama bado wanaelewana.

Hadi Jumapili ijayo.